Huduma ya siku ya matiti katika zahanati moja ya Shangani, Mtwara: tathmini ya mteja

Mara moja kwa wiki, nyakati za mchana, zahanati moja ya binafsi iliyoko upande wa Shangani, Mtwara mjini, hutenga vyumba vyake viwili kwa ajili ya wanawake wenye shida au maswali kuhusu matiti. Huduma hiyo inaendeshwa na mkunga mzoefu akisaidiana na daktari wa kike. Sitaitaja zahanati yenyewe kwa jina, kwa kuwa nina mambo ya kuikosoa, na wahudumu wake ni wachache kiasi kwamba kuikosoa kwa jina ni sawa na kumnyooshea mtu kidole. Wakazi wa Shangani wataitambua kwa maelezo. Nimeitumia huduma hii mimi mwenyewe, nimempeleka mama yangu mzazi, na nimempeleka binti wa dada yangu, kwa hiyo ninayoyaandika yametokana na wanawake watatu wa umri tofauti waliopita mikononi mwa wahudumu wale wale.

Ada ni ile ile inayotozwa kumwona daktari siku nyingine. Ukifika unaandikishwa, unaulizwa maswali, unakaa kwenye somo la pamoja ukumbini, kisha unaitwa chumbani peke yako kwa uchunguzi.

Kinachoifanya huduma hii istahili kusifiwa ni hayo maswali. Kabla hujaguswa, mkunga anakaa nawe na daftari lake na kukuuliza umri wako, ulivunja ungo ukiwa na miaka mingapi, hedhi yako ya mwisho ilianza tarehe ngapi, umezaa mara ngapi, mtoto wa kwanza ulimpata ukiwa na umri gani, unanyonyesha au uliachisha lini, unatumia njia gani ya uzazi wa mpango, na kama hedhi imekoma, imekoma tangu lini. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alinung'unika kwamba yeye amekuja kwa ajili ya titi na si kwa ajili ya hedhi. Hata hivyo, bila majibu hayo anayepapasa titi hajui anapapasa nini. Kinundu cha binti wa miaka 11, kinundu cha mama anayenyonyesha na kinundu cha bibi wa miaka 65 vinaweza kufanana chini ya vidole, na bado kila kimoja kikawa na maana yake na hatua zake. Nilikwisha kutibiwa titi lililovimba kwenye kituo kingine ambako niliandikiwa dawa za kuua bakteria mara mbili mfululizo pasipo mtu yeyote kuniuliza kama nina mtoto anayenyonya, na ndiyo sababu nayapa maswali haya uzito mkubwa kuliko rangi ya kuta au ulaini wa viti.

Somo la pamoja huanza kwa jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kufundishwa shuleni, kwamba titi ni miongoni mwa viungo vichache vinavyokua na kubadilika zaidi baada ya mtu kuzaliwa kuliko akiwa tumboni. Mtoto wa kike huzaliwa na chuchu na mirija michache mifupi nyuma yake, basi. Kinachobaki kinasubiri kubalehe, kisha kinasubiri mimba, na baada ya kunyonyesha sehemu kubwa ya kilichojengwa hubomolewa, ili kijengwe tena mimba nyingine ikiingia, mpaka hedhi inapokoma na ujenzi wenyewe ukakoma.

Kifaa cha kufundishia ni titi la kitambaa ambalo wahudumu wamelishona wenyewe. Nje ni kitambaa laini cha hudhurungi, ndani ni pamba, na ubavuni kuna zipu. Ukiifungua unakutana na mirija ya maziwa iliyotengenezwa kwa nyuzi nene nyeupe zinazotoka kwenye chuchu na kutawanyika kuelekea ndani kama matawi ya mkorosho, na kwenye ncha za nyuzi zimetungwa shanga ndogo za waridi zinazowakilisha vifuko vinavyotengeneza maziwa. Pamba iliyotiwa rangi ya manjano ni mafuta, na tepe nyembamba zinazovuka kutoka kwenye ngozi hadi chini ni kano zinazoshikilia umbo. Upande wa juu, kuelekea begani, kitambaa kimerefushwa kama ulimi mdogo, kwa sababu titi la kweli nalo lina mkia unaoingia kwenye kwapa, na mkunga huhakikisha kila mwanamke anaushika mkia huo ili siku nyingine asiishie kupapasa katikati tu. Kifaa kinafundisha pia kwamba titi lenyewe halina msuli ndani yake. Msuli uko chini yake, kifuani, na kwa hiyo mazoezi ya mikono huimarisha kifua lakini hayawezi kurudisha tishu zilizolegea.

Uzuri mkubwa wa kifaa hiki ni kwamba sehemu yake ya ndani inabadilishwa. Zipo nne: ya msichana anayeanza kukua, yenye nyuzi fupi bila shanga, ya mwanamke ambaye hajazaa, yenye nyuzi ndefu na shanga za kuhesabika, ya mjamzito na mnyonyeshaji, ambayo shanga zimejaa hadi pamba ya manjano haionekani, na ya mwanamke aliyekoma hedhi, ambayo karibu yote ni pamba, nyuzi zimebaki nyembamba na shanga zimepungua sana. Nimewahi kuona picha nyingi za titi ukutani kwenye kliniki za mama na mtoto, na zote zinaonyesha titi moja tu, la mtu mzima, kana kwamba mwanamke huwa hivyo maisha yake yote. Kitambaa hiki cha kushonwa kwa mkono kinasema kweli zaidi kuliko picha zile.

Binti wa dada yangu alipelekwa kwa sababu ya uvimbe mdogo mgumu uliojitokeza chini ya chuchu ya upande mmoja, ukiuma anapouegemea au anapogongwa na mkoba wa shule. Dada yangu, anayeishi Newala, alikuwa amekwisha kuambiwa na majirani kwamba uvimbe wa upande mmoja ni ugonjwa na unafaa kukatwa mapema. Daktari alimpima mtoto kwa utaratibu, akiwa na mimi chumbani, akaeleza kwamba hiyo ni dalili ya kwanza ya kubalehe kwa wasichana walio wengi, kwamba kwa kawaida hutokea kati ya miaka 8 na 13, na kwamba titi moja kutangulia jingine kwa miezi kadhaa ni jambo la kawaida. Hedhi ya kwanza huja baadaye, mara nyingi kama miaka miwili hivi tangu uvimbe huo uanze. Kisha akasema neno ambalo ningependa kila mzazi wa Mtwara na Lindi alisikie: kile kinundu ndicho mbegu ya titi zima, na ukikikata hakuna kitakachoota mahali pake. Homoni ya estrojeni inayotoka kwenye mifuko ya mayai ndiyo inayorefusha mirija na kukusanya mafuta katika miaka hiyo. Vifuko vya maziwa huanza kujitokeza kwa wingi zaidi pale yai linapoanza kupevuka kila mwezi na homoni nyingine, projesteroni, ikaongezeka.

Mikoa yetu ina unyago, na wasichana wengi hupata elimu yao ya kwanza ya mwili kutoka kwa makungwi kabla hawajaipata kwa mtu mwingine yeyote. Mkunga hakuligeuza jambo hilo kuwa la kulaumiwa. Aliwaomba kinamama waliokuwepo ambao ni makungwi wawafundishe wali kwamba maumivu ya mwanzo na tofauti ya ukubwa kati ya titi moja na jingine si kasoro. Niliona hiyo ni hekima, kwa sababu neno la kungwi hufika Tandahimba na Nanyamba mahali ambapo zahanati ya Shangani haitafika.

Katika mazungumzo hayo hayo liliibuka suala la watoto wachanga. Mtoto wa kike au wa kiume anaweza kuzaliwa akiwa na matiti yaliyovimba, na wakati mwingine yakatoa tone la maziwa, kwa sababu homoni za mama zilimpitia akiwa tumboni. Uvimbe huo huisha wenyewe ndani ya wiki chache. Wapo wanaoyakamua, na mkunga aliwakataza kwa sauti kali kuliko aliyoitumia mchana wote, kwa kuwa kukamua huingiza vijidudu na kusababisha jipu kwenye titi la mtoto asiyeweza hata kusema anaumwa.

Kuhusu mabadiliko ya kila mwezi maelezo yalikuwa mafupi na yalitosha. Baada ya yai kupevuka, katika nusu ya pili ya mzunguko, seli za vifuko huongezeka na maji hujikusanya kwenye tishu, hivyo matiti huwa mazito, huuma, na huweza kuwa na vinundu vinundu, hasa upande wa juu kuelekea kwapani. Hedhi ikianza homoni hushuka na hali hiyo hutulia. Zahanati imeyatumia maarifa haya katika kupanga miadi: mwanamke ambaye bado anapata hedhi hupangiwa kuja siku chache baada ya kumaliza, titi likiwa laini zaidi, na akija siku nyingine na shida si ya dharura huombwa arudi. Baadhi ya wateja wanachukia kurudishwa, hasa waliotoka mbali, na kwa mwanamke aliyekuja kwa nauli kutoka Mahurunga au Kitaya malalamiko hayo yana haki. Ningeshauri zahanati iandike maelekezo hayo kwenye ubao wa nje na kuyasema kwa simu wakati mtu anapouliza saa za huduma.

Sehemu ya mimba na kunyonyesha ndiyo iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo iliyofundishwa vizuri kuliko zote. Mkunga alipachika kile kipande chenye shanga nyingi, akaeleza kwamba titi huanza kubadilika mapema kabisa, mara nyingi kabla mama hajawa na uhakika kama ni mjamzito. Linauma, mishipa inaonekana chini ya ngozi, weusi unaozunguka chuchu unakolea na kupanuka, na vipele vidogo vinatokeza juu yake. Vipele hivyo ni tezi zinazotoa mafuta ya kulainisha chuchu, wala havipaswi kuminywa au kusuguliwa kwa sabuni. Mirija hutoa matawi mapya, vifuko huongezeka mpaka vinachukua nafasi ya mafuta, na kufikia katikati ya mimba titi limeshaanza kutengeneza dang'a, ile maziwa ya mwanzo ya manjano. Hata hivyo maziwa mengi hayatoki, kwa sababu projesteroni ya kondo la nyuma huyazuia. Kondo likishatoka, projesteroni hushuka ghafla, na ndani ya siku mbili au tatu matiti hujaa.

Hapo aliingia kwenye jambo linalowaumiza kinamama wengi. Siku hizo mbili tatu za mwanzo, mama anapoona matone machache tu, ndugu huanza kusema hana maziwa, na mtoto hupewa maji ya sukari au uji mwepesi. Mkunga alionyesha jinsi tumbo la mtoto wa siku moja lilivyo dogo, kisha akasema kwamba matone yale ya dang'a yanamtosha na yamebeba kinga asiyoweza kuipata kwingine. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili, prolaktini inayotengeneza maziwa na oksitosini inayoyasukuma yatoke. Kwa hiyo kadiri titi linavyonyonywa ndivyo linavyotengeneza, na kila kikombe cha maji anachopewa mtoto ni mnyonyo mmoja uliopotea. Ukubwa wa titi hauhusiki, kwa sababu tofauti kubwa kati ya titi dogo na kubwa ni mafuta, na mafuta hayatengenezi maziwa. Alirudia pendekezo la Shirika la Afya Duniani la kumpa mtoto maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea kumnyonyesha pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Mama mmoja kijana kutoka Chikongola aliuliza, "Sista, na mimi ninayerudi kazini mapema nitafanyaje?" Akajibiwa kwa ukamilifu: namna ya kukamua kwa mkono, chombo cha kutumia, na jinsi ya kumnywesha mtoto kwa kikombe badala ya chupa. Sikuwahi kuona swali la mama mfanyakazi likipewa muda wa namna ile.

Mimi nilikwenda miezi kadhaa baada ya kumwachisha mwanangu ziwa, nikiwa na mambo mawili yaliyonitia hofu. Titi moja lilikuwa bado linatoa tone la maziwa nikilibana, na lile lililowahi kuvimba lilikuwa na sehemu ngumu upande wa nje. Daktari alisoma majibu yangu kwenye daftari kabla ya kunigusa, akanipima nikiwa nimekaa na mikono kiunoni, kisha nikiwa nimelala na mkono chini ya kichwa, akipita kwa pedi za vidole vitatu kutoka kwenye mfupa wa mtulinga hadi chini ya mkunjo na kumalizia kwapani. Alinieleza kwamba maziwa yanapoacha kutolewa, seli zilizokuwa zikiyatengeneza hufa kwa mpango na kuondolewa na mwili, mafuta hurudi mahali pake, na kazi hiyo huendelea kwa miezi mingi. Tone la maziwa kutoka pande zote mbili au mirija kadhaa, linalotoka pale tu unapobana, kwa mwanamke aliyeachisha karibuni si la kuogofya; linalohitaji kuangaliwa haraka ni majimaji yanayotoka yenyewe, kwenye mrija mmoja, hasa yakiwa na damu. Akanitaka niache kubana, kwa kuwa kubana kwenyewe ni kuliambia titi liendelee kutengeneza. Kuhusu ile sehemu ngumu, hakusema "si kitu". Alisema inafanana na maziwa yaliyobaki yamefungika, lakini kufanana si ushahidi, akaniandikia kipimo cha altrasaundi, kinachoangalia ndani kwa mawimbi ya sauti.

Nilipenda pia uaminifu wake nilipomuuliza kama kunyonyesha kunazuia saratani. Alisema kunapunguza hatari lakini hakuiondoi. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, ulikadiria kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, mbali na punguzo linalotokana na kila uzazi wenyewe. Papo hapo akaongeza kwamba kwa miaka kadhaa baada ya kujifungua hatari hupanda kidogo kabla ya kushuka, na kwamba kuna saratani adimu inayoanza kwa wekundu, joto na uvimbe kama jipu la titi. Kwa hiyo mama anayetibiwa jipu na asione nafuu baada ya dawa anapaswa kurudi, asibadilishe dawa dukani. Hapo nilikumbuka zile dawa nilizoandikiwa mara mbili.

Sehemu dhaifu ya huduma hii ni ya wanawake waliokoma hedhi, na jambo hili limenisikitisha kwa sababu wao ndio wenye hatari kubwa zaidi. Somo la pamoja lilipowafikia wao, muda ulikuwa umekwisha, kinamama wenye watoto walikuwa wameanza kusimama, na kipande cha nne cha lile titi la kitambaa kilionyeshwa kwa haraka bila kuzungushwa. Mama yangu, aliyekaa nyuma pamoja na wazee wenzake, hakukigusa. Chumbani alihudumiwa kwa heshima kubwa. Daktari alimwamkia "Shikamoo mama", akamsaidia kupanda kitandani na akamwomba ruhusa kila mara kabla ya kumgusa. Lakini maelezo aliyoyapata ilibidi nimwulizie mimi.

Nayaandika hapa kwa sababu wazee wengine watayahitaji. Katika miaka ya mwisho kabla ya hedhi kukoma, homoni hupanda na kushuka bila mpangilio, na matiti yanaweza kuuma kuliko ujanani na kupata vifuko vya maji, ambavyo ni vya kawaida zaidi kati ya miaka 35 na 50. Mwanamke akikaa miezi 12 bila hedhi ndipo huhesabiwa kuwa amekoma. Kuanzia hapo vifuko vya maziwa husinyaa, mafuta huchukua nafasi yao, kano hulegea, na titi hushuka na kuwa laini. Titi la namna hiyo halina sababu ya kujenga kitu kipya, ndiyo maana uvimbe mpya kwa mwanamke aliyekoma hedhi huchunguzwa hadi mwisho, hata kama hauumi, na hasa kama hauumi. Mifuko ya mayai ikiacha kazi, mafuta ya mwili ndiyo yanayobaki kuwa chanzo kikuu cha estrojeni, na hiyo ni sababu mojawapo ya unene kupita kiasi baada ya umri huo kuongeza hatari.

Mabadiliko hayo ya tishu ndiyo yanayoamua pia kipimo. Kwenye picha ya mamografia, yaani eksirei ya matiti, mafuta huonekana meusi, tishu za maziwa huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe. Kwa binti wa miaka 22 picha yote huwa nyeupe na uvimbe unaweza kujificha humo, kwa hiyo yeye huanzia kwenye altrasaundi; kwa mama yangu, ambaye titi lake sehemu kubwa ni mafuta, doa jeupe lingejitokeza. Mimi nilipewa karatasi ya altrasaundi na mama akapewa ya mamografia, na mpaka daktari alipotueleza hivi tulidhani mmoja wetu ameandikiwa kimakosa. Maelezo haya yangestahili kutolewa ukumbini kwa wote. Ushauri wangu kwa zahanati ni kuanza somo na wazee angalau wiki moja kati ya mbili, wakati watu bado wana usikivu.

Zahanati haina mashine ya altrasaundi wala ya mamografia. Anayehitaji kipimo hupewa barua ya rufaa, na ikionekana haja ya kuchukua kipande cha nyama, hupelekwa hospitali ya mkoa, Ligula. Kutokuwa na mashine si kosa la kuilaumu zahanati ndogo. Ninachoilaumu ni kwamba baada ya barua hakuna anayefuatilia. Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, baada ya saratani ya mlango wa kizazi, na Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa mwaka 2021 linataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike mara ya kwanza. Msimu wa korosho ukianza, mwanamke mwenye barua mkobani huiweka mpaka mauzo yaishe, na hapo miezi imekwenda. Daftari lile lenye maswali mengi lina namba ya simu ya kila mteja. Kumpigia mtu simu baada ya wiki mbili hakungeigharimu zahanati kitu kikubwa.

Kuna jambo jingine ambalo nilikubaliana nalo baada ya kulitafakari. Nilitarajia tufundishwe ule utaratibu wa kujipima kila mwezi kwa hatua maalumu, lakini mkunga hakuukazia. Alieleza kwamba utafiti mkubwa uliofanyika Shanghai kwa wanawake wapatao 266,000 wa viwanda vya nguo, uliochapishwa mwaka 2002, haukuona vifo vikipungua kwa waliofundishwa kujipima, ila uliona wakifanyiwa upasuaji mwingi zaidi wa vinundu visivyo na madhara. Kwa hiyo anachosisitiza ni mwanamke kuyazoea matiti yake kwa hali ya kawaida ya umri wake, akioga au akijipaka mafuta, ili lolote jipya alitambue: kinundu kilichokuwa hakipo, ngozi iliyobonyea au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani ilikuwa nje, kidonda cha chuchu kisichopona, uvimbe kwapani. Kisha alituachia lile titi la kitambaa tutafute alivyoficha humo: korosho, haragwe na choroko. Korosho kila mmoja aliipata. Choroko, iliyokuwa chini kabisa kwenye ule mkia wa kwapani, waliipata wachache, na mmoja wao alikuwa mama mzee wa Mikindani ambaye macho yake hayaoni vizuri.

Yako mapungufu mengine madogo. Chumba cha uchunguzi kimetenganishwa na ukumbi kwa pazia, na sauti hupita. Mwanamke anayeulizwa kuhusu mimba zilizoharibika hapaswi kujibu huku foleni inasikia. Michoro pekee iliyoko ukutani imeandikwa kwa Kiingereza. Choo kiko safi, maji ya kunawa yapo, na kila mteja alipimwa kwa shuka iliyobadilishwa, jambo ambalo sijaliona kila mahali.

Kwa jumla naipa huduma hii alama za juu kwa mabinti wanaokua, wajawazito na wanaonyonyesha, na alama za wastani kwa waliokoma hedhi, mpaka watakapopangiwa muda wao. Ukienda, fika mapema kabla somo halijaanza, kumbuka tarehe ya hedhi yako ya mwisho, beba kadi ya kliniki ya mtoto na ya uzazi wa mpango pamoja na majibu ya vipimo vya zamani, na vaa blauzi na kanga au sketi badala ya gauni, ili usilazimike kuvua nguo zote kwa ajili ya uchunguzi wa kifua. Binti aliye chini ya miaka 18 asindikizwe na mzazi au mlezi wa kike. Na ukiandikiwa barua ya rufaa, muulize daktari pale pale ni siku gani kipimo kinafanyika na gharama yake ni kiasi gani, kabla hujatoka mlangoni.